Kiasi ni tunda la Roho, hata mezani

WAKRISTO wengi wa mijini wanayajua vyema mambo ambayo imani yao inawakataza. Ukimwuliza muumini katika chumba cha daktari iwapo anakunywa pombe au kuvuta sigara, atakujibu upesi, tena kwa fahari, kwamba aliokoka na mambo hayo akayaacha. Lakini ukimwuliza hutia vijiko vingapi vya sukari katika kikombe cha chai, atacheka kwanza. Haoni swali hilo lina uhusiano gani na wokovu wake.

Uhusiano upo. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili wa muumini si mali yake ya kufanyia apendavyo, na kwamba hata kula na kunywa ni njia ya kumtukuza Mungu. Mafundisho hayo hutajwa sana wahubiri wanapokemea uasherati na ulevi. Ni nadra kuyasikia yakitajwa kuhusu chumvi.

Hata hivyo, chumvi inaua. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu. Aghalabu ugonjwa huu hauna dalili. Mtu huimba kwaya Jumapili na kwenda kazini Jumatatu akijiona mzima, kumbe mishipa, moyo na figo zake zinaharibika polepole, hadi siku anapopatwa na kiharusi.

Chakula gani, au kiasi gani?

Wagonjwa wengi humwuliza daktari, "Nisile nini?" Wanatarajia kupewa orodha ya vyakula vya haramu. Lakini kwa Wakristo wengi suala si unajisi wa chakula. Ugali si dhambi, wala nyama choma, wala chapati. Suala ni kipimo.

Katika Biblia ya Kiswahili, Paulo anapowaorodheshea Wagalatia matunda ya Roho, mojawapo ni kiasi. Neno hilo ndilo daktari anatumia kila siku: kiasi gani cha chumvi, kiasi gani cha sukari, kiasi gani cha mafuta? Hebu tuvichukue kimoja kimoja.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja kidogo cha chai kisichojaa pomoni. Kipimo hicho kinajumlisha chumvi yote: iliyopikwa katika mchuzi, iliyo ndani ya mkate, soseji na viungo vya pakiti, na ile inayomiminwa kwenye ubao wa nyama choma kando ya kachumbari. Anza kwa kuondoa kikopo cha chumvi mezani. Ulimi huzoea baada ya majuma machache. Tumia ndimu, dania, kitunguu saumu na tangawizi kuongeza ladha.

Sukari: WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote tunazopata katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, na ikipungua hadi gramu 25 ni bora zaidi. Kijiko kidogo hubeba takriban gramu 4. Basi anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kumeza karibu gramu 48 kabla ya kugusa soda, keki au andazi. Chupa ya soda ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30 au zaidi.

Mafuta: Chipsi, viazi karai, maandazi na kuku wa kukaangwa ni vyakula vya sherehe ambavyo mjini vimegeuka kuwa vya kila siku. Pima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwa mtungi, na uchague ya majimaji badala ya yale yaliyoganda.

Sahani: Igawe sahani yako mara mbili. Nusu moja iwe mboga kama sukuma wiki, managu, kunde, terere au kabeji. Nusu ya pili igawe tena: robo iwe maharagwe, ndengu, omena, samaki, yai au nyama kidogo, na robo iwe ugali, wali au viazi. Kwa wengi wetu mambo ni kinyume: mlima wa ugali na mboga kiganjani. Mpango huu hauhitaji duka la bei ghali. Ndengu na managu hupatikana katika soko la mtaani.

Mfano mmoja unafaa kutajwa. Watafiti waliwafuatilia Waadventista Wasabato wa California, Marekani, ambao kanisa lao hufundisha kwamba afya ni sehemu ya imani. Wengi wao hawavuti sigara wala kunywa pombe, na wengi hula nyama kidogo au hawaili kabisa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2001 yalionyesha kwamba wanaume Waadventista waliishi zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo kwa takriban miaka 7, na wanawake kwa takriban miaka 4. Hayo si mazao ya juma moja la bidii. Ni mazao ya mazoea ya miaka mingi.

Mfungo na mgonjwa

Kila mwaka unapoanza, makanisa mengi hutangaza mfungo wa siku 21 au zaidi. Kwa mtu mwenye afya, kufunga kutoka asubuhi hadi jioni kwa kawaida hakuna hatari kubwa, mradi anywe maji ya kutosha na asifungue kwa pilau ya sahani mbili na soda. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari jambo hili linaweza kuhatarisha maisha.

Anayedunga insulini, au anayemeza vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, akikosa chakula sukari ya damu inaweza kuporomoka. Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali na kuchanganyikiwa. Anaweza kuzirai, na waumini wakadhani ni mambo ya kiroho, wakaendelea kumwombea bila kumpa msaada unaofaa.

Ikitokea hivyo, na mgonjwa bado anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari. Mpime tena baada ya dakika 15, na kipimo kikiwa bado chini ya 4, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa amezirai, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na kumkimbiza hospitalini.

Kwa hivyo mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, mama mjamzito na anayetumia dawa za kila siku wamwone daktari kabla ya mfungo, wala si baada yake. Wengine watakubaliwa kufunga baada ya dawa kupangwa upya. Wengine wataambiwa wasifunge, na hilo si upungufu wa imani. Nabii Isaya alifundisha kwamba mfungo umpendezao Mungu ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula. Mgonjwa anaweza kufunga soda na sukari mwezi mzima, na pesa alizookoa akamnunulia jirani unga.

Kuacha dawa kwa sababu ya kuombewa ni jambo la hatari vilevile. Luka aliyesafiri na Paulo alikuwa tabibu, na Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo kuhusu maradhi ya tumbo. Ukiamini kwamba umepona, njoo upimwe. Aliyepona kweli hana sababu ya kuogopa kipimo. Na usipunguze dawa wala kuiacha kabla ya daktari kukuambia.

Sufuria ya kanisa

Tahadhari moja. Tusigeuze mafundisho haya kuwa fimbo ya kuwachapia wagonjwa. Kuna kisukari kinachowapata hata watoto ambao hawakula kupita kiasi, na presha hurithiwa katika jamaa nyingi. Anayeugua hahitaji kuulizwa alitenda dhambi gani. Anahitaji kusaidiwa kula vizuri.

Hapo ndipo kanisa lenyewe linapoingia. Baada ya ibada, katika mikutano ya akina mama, harusini na matangani, chai huletwa ikiwa imekwisha kutiwa sukari sufuriani. Mwenye kisukari ana njia mbili tu: anywe ajidhuru, au akatae aonekane mwenye madaha. Aghalabu hunywa.

Paulo alikuwa tayari kuacha kula nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu mmoja. Yeye alizungumzia nyama iliyotolewa kwa sanamu, lakini kanuni hiyo inalifaa hata birika letu. Sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie. Pawe na maji safi mezani, na kando ya maandazi pawe na ndizi, nduma au viazi vitamu vya kuchemsha. Chumvi ipunguzwe jikoni. Kila baada ya miezi mitatu, wauguzi walio miongoni mwa waumini wawapime watu wote presha, na yeyote atakayepatikana na 140 kwa 90 au zaidi aelekezwe hospitalini akapimwe tena.

Hayo hayahitaji harambee wala jengo jipya. Kamati ya jikoni inaweza kuyaamua leo, na Jumapili ijayo yule mzee mwenye kisukari akanywa chai pamoja na wenzake bila hofu.