Uchunguzi wa Mhudumu Kabla ya Kukabidhiwa Wasiojiweza

Mzee aliyepoteza kumbukumbu, au mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, huogeshwa, hulishwa na kupewa dawa na mhudumu asiye ndugu yake, na mara nyingi hawezi kueleza anapoumizwa. Kwa hiyo ulinzi wake huanza siku mhudumu huyo anapoomba kazi.

Katika England na Wales, uchunguzi wa mwombaji hupitia taasisi ya serikali iitwayo Disclosure and Barring Service (DBS), iliyoundwa Desemba 2012. Cheti chake cha ngazi ya juu huonyesha hukumu na maonyo rasmi ambayo sheria haijayaondoa, pamoja na taarifa za polisi ambazo hazikufika mahakamani, iwapo polisi wanaona zinahusiana na kazi inayoombwa. Uzito wa taarifa hizo ulidhihirika baada ya mauaji ya wasichana wawili huko Soham mwaka 2002, kwa kuwa tuhuma za awali dhidi ya muuaji, aliyekuwa mtunza majengo wa shule, hazikumfikia mwajiri. Sheria ya mwaka 2006 iliyofuata ilianzisha orodha mbili za waliozuiwa, moja ya kazi za watoto na nyingine ya kazi za watu wazima, na aliyeorodheshwa akifanya kazi aliyozuiwa anatenda jinai.

Hata hivyo, cheti safi huthibitisha tu kwamba hakuna kilichoandikwa hadi siku kilipotolewa. DBS haifikii kumbukumbu za jinai za nchi nyingine, na ndiyo sababu mhudumu anayetoka Kenya hutakiwa kuwa na cheti cha mwenendo mwema cha polisi wa kwao. Kanuni za England humtaka mwajiri apate pia historia kamili ya ajira: mwombaji aliyeacha kazi mwaka 2019 na kuanza nyingine mwaka 2021 hueleza pengo hilo kwa maandishi, na kadiri inavyowezekana mwajiri huhakikisha kwa nini aliacha kuhudumia wasiojiweza.

Mwajiri anayemwondoa mhudumu kwa kumdhuru mtu analazimika kuiarifu DBS, hata kama mhudumu huyo amejiuzulu kabla ya kufukuzwa. Wajibu huu ndio uhai wa mfumo mzima, kwani anayemwacha mkatili aondoke kimyakimya ili kulinda jina la kituo chake humpelekea hatari hiyo mgonjwa wa kituo kingine.