Mashimo Tisa Chini ya Uluguru

Abiria wa daladala inayotoka Tegeta kwenda Mwenge hupita Lugalo kila asubuhi bila kujua kilicho upande wa pili wa uzio. Wanajua kambi, wanajua hospitali ya jeshi, wanajua kituo. Ndani, nyuma ya miti, kuna uwanja wa gofu wa mashimo 18 unaosimamiwa na Jeshi la Wananchi. Raia nao hucheza humo, mradi wafuate taratibu za mlangoni. Kwa mkazi wa Kinondoni huo ndio uwanja wa nyumbani. Wa pili jijini ni ule wa Gymkhana, kule baharini karibu na hospitali ya Ocean Road, ambao kwa anayeishi Mbagala au Bunju ni safari yenye foleni zake.

Jina la Lugalo lenyewe halina uhusiano wowote na michezo. Ni jina la mahali karibu na Iringa ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Anayepotezea mpira kwenye majani ya Lugalo ajue kwamba wapo waliopoteza makubwa zaidi kwa jina hilo.

Mchezaji wa Dar akishauzoea uwanja wake wa nyumbani huanza kuwashwa na miguu. Anataka siku mbili za kulala hotelini, kuamka na kwenda kupiga mpira bila kuvuka jiji. Hapo mawazo ya wengi hukimbilia mbali. Zanzibar ipo Sea Cliff, hoteli ya pwani kaskazini ya mji, yenye uwanja uliochorwa na Peter Matkovich wa Afrika Kusini. Karibu na Usa River, kati ya Arusha na Moshi, ipo Kili Golf, mashimo 18 yaliyochorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini. Jones huyohuyo ndiye aliyechora uwanja wa Baobab huko Vipingo Ridge, Kilifi, katika ardhi iliyokuwa shamba la mkonge. Ndiko mashindano ya wanawake ya Kenya yaliyomo kwenye ziara ya Ulaya yalikofanyika mwaka 2019, akashinda Mjerumani Esther Henseleit.

Ni viwanja vizuri vyote hivyo. Lakini kwa mapumziko ya siku mbili kutoka Dar, jibu la busara liko Morogoro, na linadharauliwa kwa sababu moja tu: mashimo yake ni tisa.

Morogoro Hotel ni hoteli ya siku nyingi, yenye vyumba vilivyotawanywa bustanini, nje kidogo ya pilikapilika za mji. Mkabala nayo ndipo ulipo uwanja wa gofu, na nyuma ya vyote imesimama milima ya Uluguru, ambayo asubuhi huwa bluu na mchana hujifunika mawingu. Mgeni hutoka chumbani akiwa amebeba fimbo zake begani. Hoteli nyingi za kifahari hutumia fedha nyingi kuutengeneza ukaribu huo. Hapa umekuwepo tangu zamani.

Anayeyaita mashimo tisa nusu ya gofu hajui namba 18 ilikotoka. Haikushuka na mtu mlimani. Uwanja wa St Andrews, Uskochi, ulikuwa ukichezwa kwa mashimo 22 hadi mwaka 1764, wanachama walipoona kuwa manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayaunganisha yakawa mawili. Kwa kuwa mashimo hayohayo yalichezwa kwenda na kurudi, hesabu ikashuka hadi 18. Hata hivyo haikuwa sheria kwa wengine. Mashindano ya kwanza ya The Open, mwaka 1860, yalifanyika Prestwick kwenye uwanja wa mashimo 12, na wachezaji waliuzunguka mara tatu kwa siku moja. Mshindi wake hakuambiwa kwamba gofu yake haijakamilika.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuwa na viwanja vya tisa. Vingi vilianzishwa enzi za ukoloni na maofisa wa serikali na wenye mashamba: chai ya Mufindi, kahawa ya Moshi, mkonge wa Morogoro. Walikuwa watu wachache, mafundi wa nyasi walikuwa wachache zaidi, na jioni baada ya kazi haikuruhusu zaidi ya saa mbili za mwanga. Mashimo tisa yaliwatosha. Arusha Gymkhana nayo ni ya tisa, na ndiyo klabu ya Madina Iddi, mmoja wa wanawake wanaopiga gofu vizuri kuliko wote nchini. Kwa hiyo anayesema uwanja mdogo hulea wachezaji wadogo aangalie tena.

Hesabu ya muda ndiyo inayoamua. Mashimo 18 yenye watu wanne hula saa nne, mara nyingi zaidi, na jua la saa sita mchana halina urafiki na mtu. Mashimo tisa huchukua saa mbili hivi. Anayefika Ijumaa jioni anaweza kucheza tisa Jumamosi saa moja asubuhi, akala, akalala, akacheza tisa tena saa kumi jioni jua likiwa limepoa, kisha Jumapili asubuhi akamaliza na tisa nyingine. Hayo ni mashimo 27 bila kuungua, na mwenzi asiyecheza hajaachwa peke yake siku nzima akihesabu kunguru.

Kuna faida nyingine ambayo wasiocheza hawaioni. Uwanja wa tisa hukupa nafasi ya kusahihisha. Asubuhi umepiga mpira ukaingia mtoni. Jioni umesimama palepale, shimo lilelile, na sasa unajua mto uko wapi. Katika uwanja mgeni wa mashimo 18 ujuzi huo unaondoka nao nyumbani bila kuutumia.

Sasa nyasi, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hupoteza mipigo yao. Nyasi ambayo dunia ya gofu huiita Bermuda ni ukoka, ukoka huuhuu unaotambaa kando ya viambaza vya nyumba na kumtesa mkulima wa mihogo. Kisiwa cha Bermuda kimeupa jina tu. Aina maarufu za viwanjani, ambazo majina yao huanza na Tif, zilizaliwa kwenye kituo cha utafiti cha Tifton, jimbo la Georgia nchini Marekani, kwa kuuzalisha ukoka wa kawaida pamoja na ndugu yake mwembamba aliyechukuliwa Afrika Kusini. Mtanzania anayetazama mashindano ya Florida kwenye televisheni anatazama mjukuu wa nyasi za Afrika aliyepelekwa shule.

Ukoka una tabia moja: hulala upande mmoja. Mpira unaoviringishwa kuelekea mlalo huo hukimbia, unaopingana nao husita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kwenye grini, yaani sehemu laini yenye shimo, kuna njia mbili za kuusoma. Kwanza, simama nyuma ya mpira: ukiona nyasi zinang'aa, zimelala kwenda mbele, basi punguza nguvu, ukiona kiza, zinakuelekea, ongeza. Pili, chungulia mdomo wa shimo. Upande ambao kingo zake zimechakaa na kukauka ndiko nyasi zinakolala, na mpira unaoishiwa mwendo huvutwa huko. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, na mpira hauruhusiwi kuwa chini ya milimita 42.67, kwa hiyo kosa la vidole viwili linatosha kukunyima.

Onyo dogo. Kwa miaka mingi viwanja kadhaa vya bara havikuwa na nyasi kwenye grini, vilikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, na baada ya kila kundi mtu alipita akisawazisha. Hali ya viwanja vidogo hubadilika na msimu na mfuko wa klabu. Ni vyema kupiga simu kabla ya safari na kuuliza mambo matatu: grini zikoje, kuna mashindano wikiendi hiyo, na je, kuna fimbo za kukodi. Masika, Machi hadi Mei, mpira hutua na kubaki ulipotua. Juni hadi Septemba ardhi ni ngumu na mpira huviringika mbali, pengine hadi usikotaka.

Mwinuko nao una neno. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, na kadirio la kawaida ni kwamba kwa mwinuko huo mpira huongezeka mwendo kwa asilimia mbili hivi. Fimbo inayompa mtu mita 150 Lugalo itampa 153. Si kitu cha kubadilishia fimbo. Nairobi, yenye mita 1,700 hivi, nyongeza hufika asilimia sita, yaani mita tisa, na hapo mgeni wa pwani hupitisha mpira juu ya grini hadi atakapokubali hesabu.

Kwa wanandoa au marafiki wasiolingana uwezo, gofu ina kipaji ambacho mpira wa miguu hauna. Kila mchezaji hupewa hendikapu, idadi ya mipigo anayosamehewa. Tangu mwaka 2020 dunia hutumia mfumo mmoja: huchukuliwa raundi zako 20 za karibuni, zikateuliwa nane bora, wastani wake ukawa kipimo chako. Kikomo ni 54, kiasi kwamba hata anayeanza ana nafasi. Tangu mwaka 2024 raundi ya mashimo tisa nayo huingizwa kwenye hesabu hiyo mara moja, bila kusubiri tisa nyingine, jambo linalowafaa sana watu wa Morogoro.

Juu ya hendikapu huwekwa mfumo wa alama wa daktari Frank Stableford, uliotumika kwenye mashindano kwa mara ya kwanza Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Tuseme shimo lina kiwango cha mipigo minne. Mume mwenye hendikapu 18 husamehewa mpigo mmoja kila shimo, mke mwenye 36 husamehewa miwili. Mume akimaliza kwa mitano na mke kwa sita, wote wamepata minne baada ya msamaha, na kila mmoja hupewa alama mbili. Mke akimaliza kwa mitano, ana alama tatu na mume atanyamaza hadi shimo linalofuata. Uzuri wa Stableford ni kwamba shimo likiharibika unaokota mpira, unapata sufuri na kuendelea. Hakuna haja ya kuhesabu hadi 11 mbele ya watu.

Pamoja na hayo yote, mtu anayeamua kama safari itanoga ni kedi. Huyu hubeba mfuko, lakini kazi yake halisi ni kumbukumbu. Anajua mto ulipojificha, anajua upepo wa mlimani huanza saa ngapi, anajua mpira wa rangi gani huonekana kwenye majani ya pale. Sheria mpya za mwaka 2019 zilipunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika tano hadi tatu, na ndani ya dakika tatu jicho la kedi lina thamani kuliko fimbo ya mamilioni. Wachezaji wengi wa kulipwa nchini walianza hivyohivyo, wakibebea wengine mifuko. Malipo yake yapatanwe kabla ya mpigo wa kwanza, mbele ya mtu wa klabu, na yasichanganywe na bakshishi. Mgeni anayebishana na kedi juu ya elfu mbili baada ya kulala hotelini siku mbili anajiaibisha mwenyewe.

Kilichobadilisha safari hii kabisa ni reli. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na nauli iliyotangazwa mwaka huo kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Kabla ya hapo, kilomita hizi mia mbili kasoro za barabara zilikuwa na malori ya Chalinze na Kibaha, na Ijumaa jioni ilikuwa adhabu. Sasa ni chini ya saa mbili. Anayeishi Temeke upande wa Yombo au Buza anaweza kupandia Pugu badala ya kurudi katikati ya mji. Wa Tegeta hana njia ya mkato, itambidi aanze mapema. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo teksi au bajaji ya kwenda hotelini iwekwe kwenye bajeti.

Mfuko wa gofu ndio mzigo wenye usumbufu kwenye behewa, na hapa sheria iko upande wa msafiri. Imeweka kikomo cha fimbo 14, haikuweka kima cha chini. Kwa mashimo tisa ya Morogoro saba zinatosha, mipira kumi, na kofia.