Je, Wajua? Chuma cha Paja Nacho Huchoka

Je, wajua kwamba fimbo ya chuma inayowekwa ndani ya mfupa wa paja uliovunjika haikutengenezwa kubeba mwili maisha yote? Daktari Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kuitumia mwaka 1939. Kazi ya fimbo hiyo ni kushikilia mfupa hadi uunge.

• Kila hatua huipinda kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Mfupa ukiunga, hubeba mzigo wenyewe. Usipounga, chuma hupindwa mara maelfu kwa maelfu, kama waya unaokunjwa huku na huku, hadi kinakatika.

• Hukatikia wapi? Mara nyingi kwenye matundu ya skrubu zinazoifunga fimbo kwenye mfupa, au mkabala na pale mfupa ulipovunjika.

• Skrubu nazo husumbua. Zinaweza kukatika, kulegea au kujitokeza karibu na nyonga au goti, zikasugua nyama na kuuma.

• Sigara, kisukari na maambukizi huchelewesha mfupa kuunga, hivyo huzidi kukitesa chuma.

• Kubadilisha chuma peke yake hakutoshi. Daktari hutafuta kwanza kwa nini mfupa haukuunga. Mara nyingi huweka fimbo nene zaidi, na pengine hupandikiza mfupa kutoka nyongani.

Una chuma pajani, na maumivu mapya yanakujia unapokanyaga? Mguu umeanza kupinda au kufupika? Usikubali kuchuliwa wala kukandwa. Nenda hospitali ukapigwe eksirei mapema.