Bustani ya Kubebeka kwa Familia za Tana



Sisi tunaoishi kando ya Mto Tana twaujua mto huu kwa sura zake mbili. Ukijaa kwa kiasi, huacha tope lenye rutuba, nasi tukapata mpunga, ndizi na maembe. Ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2023 na tena Aprili na Mei 2024, huchukua shamba pamoja na mbegu yake, na familia zikahamia kwenye miinuko zikiwa na kile tu walichoweza kubeba.

Katika siku kama hizo, unga na maharage huenda vikapatikana kwa msaada. Kinachokosekana jikoni ni majani mabichi. Barabara ikikatika, mboga za kutoka mbali hazifiki soko la Garsen, na zinazofika hupanda bei. Ndiyo maana juma hili tunawaletea mama na dada zetu habari ya bustani ya ndani ya nyumba. Bustani hii haitachukua nafasi ya shamba. Faida yake ni moja kubwa: shamba halihamishwi, lakini kopo hubebwa.

Tukumbuke pia kwamba Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alitufundisha kuwa Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, hiyo huwa sadaka kwake. Basi hata mche wa mchicha dirishani una ujira wake, inshallah.

Tuanze na vyombo. Hakuna haja ya kwenda dukani. Kopo la maziwa ya unga, ndoo iliyovunjika mkono, beseni lililopasuka, sufuria iliyotoboka na gunia la mchele, vyote vyafaa. Toboa matundu matano au sita chini ya chombo kwa msumari, kwani mzizi unaokaa majini huoza. Kijiko kikuukuu kitakuwa jembe lako, kisu kitakata vipandikizi, na chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko itakuwa ndoo ya kumwagilia. Tandika kokoto au vipande vya vigae juu ya matundu ili udongo usitoke.

Sasa udongo. Tope la mto peke yake hushikana likikauka na kuwa gumu kama tofali. Changanya sehemu mbili za udongo wa shamba, sehemu moja ya mchanga wa mto na sehemu moja ya samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi; iache miezi miwili au zaidi, hadi ipoteze harufu na kuwa kama udongo mweusi. Mchanga wa baharini usitumiwe, kwa kuwa una chumvi.

Hapa tunaomba tutafakari jambo moja. Udongo wa shamba unatoka kwa mkulima, samadi inatoka katika boma la mfugaji. Wapokomo, Waorma na Wawardei wameishi katika bonde hili wakihitajiana, na sote tunakumbuka uchungu wa mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013. Mama wa kijiji cha wakulima akimwendea jirani yake mfugaji kuomba gunia la samadi, na kumpelekea mboga zikikomaa, hilo ni jambo dogo linalojenga ujirani.

Tukirudi nyumbani, chagua mahali penye mwanga. Nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo, na ndani mwake mna kiza. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa adhuhuri huwezi kusoma kitabu mahali hapo bila taa, mboga nazo hazitastawi. Dirisha au baraza inayopata jua la asubuhi ndiyo bora, maana jua la mchana la Garsen huchemsha udongo ndani ya kopo la bati. Mchana, sogeza makopo kivulini.

Kwa anayeanza, tunapendekeza mimea minne. Mchicha na kunde huanza kuchumwa majani baada ya wiki tatu au nne. Chuma majani ya pembeni, uache kichwa kiendelee kukua. Kitawi cha nanaa kikiwekwa katika gilasi ya maji hutoa mizizi kwa muda wa wiki moja au mbili, kisha hupandwa. Mrehani nao hushika kwa njia hiyo hiyo, na kila bibi wa pwani ajua thamani ya harufu yake.

Kuhusu maji, tusifanye israfu. Weka beseni chini unapotawadha. Maji ya udhu ya familia moja kwa swala tano yatatosha makopo kadhaa, nayo hayana sabuni. Ingiza kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia, na kikitoka na unyevu, subiri. Walio karibu na Kipini waonje maji kwanza, kwa sababu wakati wa kiangazi bahari hupanda mtoni, na maji ya chumvi huua miche.

Usafi nao ni sehemu ya kazi hii. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, samadi ni najisi; tuoshe mikono na nguo kabla ya swala, na tuoshe mboga kwa maji safi kabla ya kupika. Sahani zilizo chini ya makopo zimwagwe kila baada ya siku mbili, zisije zikawa mazalio ya mbu. Wala maji ya mafuriko yasimwagiliwe mboga, kwani hubeba uchafu wa vyoo.

Mwisho, tupange mapema. Masika na vuli vikikaribia, chagua makopo mawili au matatu mepesi, yafungie kamba ya kushikia, na uweke mbegu kavu ndani ya chupa iliyofungwa vizuri pamoja na vyeti vya watoto. Amri ya kuhama ikitoka, watu ndio wa kwanza. Tukiwa na nafasi, mtoto mmoja abebe kopo lake. Tukifika juu salama, ndani ya siku chache tutachuma majani ya kutia sufuriani, na mbegu zitangoja maji yapungue.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, na aujaalie mto wetu uwe wa kheri. Amin.