Krismasi Uchaggani (4): Kikao cha Ukoo Kimezaliwa Kwenye Mfongo

Juma lililopita tuliiacha reli ya Wajerumani imefika Moshi, mwaka 1911, na vijana wa kwanza wanashuka nayo kwenda kutafuta maisha Tanga. Leo nilikusudia tuingie kwenye kahawa. Lakini magazeti yamejaa habari zile zile za kila Desemba: abiria wa Moshi wamerundikana Kituo cha Magufuli pale Mbezi, nauli zimepandishwa kinyemela, LATRA inatoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada. Redioni nikamsikia mchambuzi mmoja akiuliza kwa kejeli: kwani hawa watu wanafuata nini mlimani kila mwaka, kwani nyama Dar hakuna? Basi kahawa itasubiri.

Wanafuata kikao. Ndafu, mtori na mbege ni posho ya wajumbe tu. Pita Marangu, Kibosho au Machame tarehe 26 au 27, ibada zikiwa zimekwisha, utakiona mwenyewe: viti vya plastiki vimepangwa kando ya migomba, mbege imejaa ndoo, kata inazunguka, na mzee mmoja ameweka daftari la mistari mapajani. Anaanza na majina. Aliyepo anaitika, asiyepo anasemewa na ndugu yake, na kalamu inaandika anachodaiwa. Kisha yanakuja ya mwaka. Ukuta wa nyumba ya bibi ulioahidiwa Desemba iliyopita umefikia wapi? Ada ya yule mjukuu yatima nani ataibeba Januari? Kaburi la baba mdogo mbona halijajengewa? Na mpaka uliopandwa masale upande wa mtoni umesogezwa, na aliyeusogeza amekaa kiti cha tatu kutoka kwa mwenyekiti, anakodolea macho kikombe chake.

Wengi hudhani utaratibu huu tulifundishwa na kanisa, au na chama cha ushirika. Mimi sikubali, na nimelisema hili miaka mingi hadi wanangu wamenichoka. Kanisa lilitupa tarehe. Walutheri wa Leipzig walipoanza kazi mwaka 1893, na mapadre wa Roho Mtakatifu waliokwisha kutangulia Kilema, waliwakuta watu wanaojua kukaa pamoja, kusomeana makosa na kutozana faini. Ushirika wenyewe, KNCU, ulipoundwa mwaka 1933 nao uliwakuta hivyo hivyo. Shule yao naamini ilikuwa mfongo.

Waliozaliwa mjini wanaweza kudhani mfongo ni mtaro tu wa maji. Unaanza juu, karibu na msitu, mahali ambapo mto bado ni mwembamba. Wazee waliyakinga maji kwa mawe, magogo na majani ya migomba, wakayaongoza kwenye mfereji uliochimbwa ubavuni mwa korongo, mteremko wake ukiwa mdogo kiasi kwamba jicho halitambui maji yanashukia upande gani. Palipo na mwamba waliuzunguka. Palipo na bonde jembamba waliyavusha maji kwa gogo lililotobolewa katikati. Saruji hawakuwa nayo, wala chombo cha kupimia usawa. Waliyaachia maji kidogo, wakatazama yanakokubali kwenda, wakachimba hapo. Wazungu waliopanda mlima karne ya 19 waliikuta mifereji hiyo inafanya kazi kutoka kijito hadi kijito, wakastaajabu na kuandika. Sisi tuliozaliwa kando yake ndio hatujaandika vya kutosha.

Mfereji wa namna hiyo hauchimbwi na mtu mmoja wala hautunzwi na mtu mmoja. Ukoo wa mwanzilishi ulishika usimamizi, wengine waliingia kwa jasho. Masika ikibomoa kingo, wito ulipigwa na kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Nyumba iliyokaidi ilitozwa pombe au mbuzi, na ikizidi kukaidi ilirukwa zamu. Zamu zenyewe zilikuwa na hesabu: asubuhi kwa huyu, alasiri kwa yule, usiku maji yanakusanywa bwawani ili wa chini nao wapate kesho. Mwizi wa maji hakuhitaji kutafutwa sana, maana shamba lenye tope katikati ya kiangazi halifichiki. Na mambo hayo yalimalizwa ana kwa ana, jirani kwa jirani, kwa sababu kesho yake watu wale wale wangesimama tena kwenye maji yale yale wamekamata majembe.

Jambo moja ambalo vijana hawaambiwi ni kwamba kiangazi sehemu kubwa ya maji hayo ilikwenda kwenye ulezi, na pasipo ulezi hakuna mbege. Ndizi mbivu zilizochemshwa zinaleta utamu, gome la msesewe linatia uchungu, ulezi ndio unaoifanya pombe. Waliokunywa walikuwa wamekwisha kuzibua mfereji kwanza. Siku hizi ulezi unanunuliwa sokoni, mifongo mingi imekauka au kufukiwa, na kata inazunguka kwa watu ambao baadhi yao hawajawahi kushika jembe. Siwalaumu wote. Wengine nawalaumu.

Katika toleo la pili nilieleza jinsi kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kinavyorithiwa, kwa hiyo sitarudia, ila nikumbushe hili: mtoto wa kwanza hupewa chake, kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba, wa katikati huambiwa akatafute. Zamani alitafuta pori la kufyeka. Mlima ulipojaa, akatafuta Tanga, Nairobi, Kariakoo. Mimi mwenyewe ni wa katikati, kwa hiyo msinitegemee kutokuwa na upande hapa. Tazameni abiria waliojazana Mbezi: wengi wao ni wana wa katikati na watoto wao, watu wasio na hata mgomba mmoja kule wanakokwenda. Wanakwenda kuitika jina. Jina likiitwa miaka mitatu pasipo mwitikio, siku ya kuomba mahali pa kuzikwa kihambani mazungumzo huwa marefu.

Ndiyo maana simpendi huyu ndugu wa kisasa anayetuma mchango kwa simu na kuhesabu kuwa amehudhuria. Fedha yake inapokewa, ukuta wa bibi unapanda, sawa. Lakini yule aliyesogeza mpaka hawezi kuomba radhi kwa simu. Mila inataka jani la sale lipelekwe mkononi, na aliyekosewa akiletewa sale hana ruhusa ya kulikataa, hata kama moyo bado unafukuta. Sasa naona watu wanatuma picha ya jani kwenye kundi la WhatsApp la ukoo! Na kuna wale waliojenga majumba ya ghorofa ndani ya kihamba, yanafunguliwa madirisha tarehe 23 Desemba na kufungwa tarehe 2 Januari, huku mlinzi akifaidi bustani peke yake. Gharama ya jumba moja kati ya hayo ingezibua mfongo wa kijiji kizima.

Kuhusu daftari, nina neno kwa wenyeviti wa koo. Andikeni pia majina ya mabinti. Katika koo nyingi majina yanaposomwa wao wako jikoni na machalari, ilhali michango yao ndiyo inayofika bila kukumbushwa. Wanaosema mila hairuhusu wasome kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999: mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kufikia ardhi ni batili. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikwisha kuamua kuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo anayo haki ya kuliuza kama mwanamume. Miaka imepita na bado kuna vikao ambako binti anayejenga nyumba ya mama yake hajui ataruhusiwa kulala wapi mama akifariki. Huo nao ni wizi wa maji, na shamba lenye tope linaonekana.

Nafasi inaniishia, nami sijagusa nauli. Kwa kifupi: nauli elekezi zimetangazwa, dai tiketi yenye kiasi ulicholipa, ukitozwa zaidi toa taarifa kabla basi halijaondoka. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo si lazima wote tugombanie basi la alfajiri. Na shirika la reli, lililoifufua treni ya Moshi Desemba 2019 baada ya kulala takriban robo karne, lifikirie mabehewa zaidi mwezi huu kuliko mwezi mwingine wowote.

Juma lijalo tunaingia Kilema kwenye miche ya kahawa, kisha chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, cha 1925. Mnaopanda mlima, yaangalieni masanduku ya babu zenu. Mkikuta stakabadhi za kale za chama cha msingi msizichome pamoja na majani makavu. Piga picha, nitumie kupitia mhariri.