SHOFERE WA KAMYO NA HUKUMU YA HARAKA

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe, wala si la kujisifu. Katika parokia moja ya Likasi mtoto mchanga alikuwa anangoja ubatizo. Wazazi wake walileta jina la baba wa ubatizo: mtu mzima, mwenye kipaimara, mwenye ndoa ya kanisa, ambaye mchango wake wa parokia haukukosa hata mwaka mmoja. Tukauliza kazi yake. Mwalimu wa dini akajibu: «Iko shofere ya makamyo, anaendaka mpaka Dar es Salaam.» Watu waliokuwa barazani wakacheka. Nasi, pasipo kuuliza neno lingine, tukawaambia wazazi watafute mtu mwingine.

Jioni ile tulifungua kanuni ya 874 ya Sheria ya Kanisa. Inataka mtu mwenye nia na uwezo wa kazi hiyo, aliyetimiza miaka 16, Mkatoliki mwenye kipaimara aliyekwisha kupokea Ekaristi, anayeishi kadiri ya imani, asiyefungwa na adhabu ya Kanisa, asiye baba wala mama wa mtoto. Tulisoma mara mbili. Neno «shofere» halimo.

Ndugu wapenzi, huenda wengine kati yenu mmefanya kama sisi. Basi tumeona vema kueleza hapa hukumu hii inatoka wapi, na mafundisho ya Kanisa yanasema nini juu yake.

Maneno ya watu twayajua sote. Shofere wa kamyo ni mlevi. «Iko na bibi ku kila parkingi.» Huleta magonjwa. Huuza mafuta ya tajiri wake njiani. Akigonga mtu hukimbia, maana hana huruma. Na tena, ana pesa nyingi lakini nyumbani kwake watoto hawana viatu. Maneno haya husemwa sokoni, husemwa nyumbani, na tukubali, husemwa hata sakristia.

Sifa hii haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wazee wa mji huu, ambao tangu 1931 mpaka 1966 uliitwa Jadotville, wanakumbuka wakati shofere alikuwa mtu wa heshima: amepewa gari la bei kubwa, anajua mashini, anajua kusoma vibao vya njia. Lakini siku zile shaba haikusafiri sana kwa kamyo. Ilipanda treni. Mwaka 1975 vita ya Angola ikafunga njia ya reli ya kwenda Lobito. Baadaye reli yetu wenyewe ikadhoofika mwaka kwa mwaka. Halafu ikaja sheria mpya ya madini ya 2002, makampuni mengi yakafungua kazi kati ya Likasi na Kolwezi, na mali yote ile, shaba na kobalti za kutoka, asidi, mafuta na chokaa za kuingia, ikatafuta barabara. Ndiyo maana leo makamyo yanapita mfululizo usiku na mchana kwenda Lubumbashi, kilometa karibu 120, na toka pale mpaka Kasumbalesa, Zambia, na bandari za Dar es Salaam au Durban. Mji ulizoea kumjua shofere kwa jina lake na kwa jina la baba yake. Sasa unaona mamia ya wageni, Watanzania, Wazambia, watu wa Afrika ya Kusini, wanaosimama usiku mmoja na kuondoka. Mtu ambaye hatumjui jina ni rahisi kumpa sifa tupendayo.

Juu ya magonjwa, tuseme ukweli wote. Miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipoenea, waganga walipima damu ya mashofere wa njia kuu ya Mombasa kwenda Kampala, wakakuta ugonjwa mwingi kati yao. Hilo si uongo. Lakini tazama: mashofere walikuwa rahisi kupimwa, kwa sababu kazi yao inawalazimisha kusimama pahali pamoja. Tajiri mwenye gari dogo, aliyekwenda pale pale jioni, nani alimsimamisha apimwe? Jambo lile lile lilirudi mwaka 2020, wakati wa korona. Mipakani kama Malaba na Namanga mashofere walipimwa mmoja mmoja, wakalala siku nyingi katika mistari ya makamyo. Na katika mwezi wa tano Zambia ilifunga mji wa Nakonde, ulio mpakani mwa Tanzania. Waliopimwa kuliko wengine walionekana wagonjwa kuliko wengine. Watu wakasikia hesabu, hawakusikia namna hesabu ilivyopatikana.

Sasa tuingie katika teolojia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 60, ibara ya tatu, anauliza kama hukumu inayotoka katika shuku ni haramu. Anasema shuku ina mizizi mitatu. Wa kwanza: mtu mwenyewe ni mbaya, basi hudhani wenzake ni kama yeye. Wa pili: mtu ana chuki au wivu juu ya mwenzake, basi ishara ndogo inamtosha. Wa tatu: mtu ameona mengi maishani, ndiyo sababu wazee wanashuku kuliko vijana.

Mizizi hii yote mitatu tunaiona Likasi. Wa kwanza hatutausema sana. Kila mmoja ajitazame. Wa pili ni wivu wa pesa. Jirani anamwona shofere akishuka na mfuko wa mchele na kitenge cha mke wake, haoni siku ishirini alizolala chini ya kamyo. Wa tatu ndio wa hatari kwetu sisi mapadri na makatekista, kwa sababu unafanana na busara. Tumeona mashofere watatu walevi, tumewazika wawili, tumesuluhisha ndoa ya mmoja, tukafikiri twawajua wote. Lakini padri anaitwa pahali palipovunjika. Shofere ambaye nyumba yake imetulia haji kugonga mlango wetu usiku.

Tena Tomaso anapanga shuku kwa daraja tatu. Daraja ya kwanza ni kuanza kusitasita juu ya wema wa mtu kwa ishara ndogo: ni dhambi nyepesi, na maisha haya hayapiti pasipo majaribu ya namna hiyo. Ya pili ni kushika ubaya wa mtu kuwa ni hakika, kwa ishara hizo hizo ndogo. Neno likiwa zito, dhambi ni ya mauti, kwa maana tumemdharau jirani. Ya tatu ni mwamuzi anayemhukumu mtu kwa shuku tu. Hii inapinga haki yenyewe. Hapa ndipo tuliposhtuka. Mama anayecheka barazani labda yuko katika daraja ya kwanza. Lakini padri akisema «tafuteni mtu mwingine», yeye si mchekaji. Ana mamlaka. Ametoa hukumu.

Katika ibara inayofuata Tomaso anaongeza kwamba penye mashaka tumfikirie mtu kwa upande wa wema. Anajibu pia wale wanaoogopa kudanganywa: ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa sababu huyu wa pili ametendewa vibaya, yule wa kwanza hakutendewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inashika mafundisho hayo hayo, na namba 2487 inadai malipizi: aliyeharibu sifa ya mtu ana deni la kuirudisha.

Mwingine atasema: «Padiri, lakini walevi wako kweli!» Wako. Dhambi ni dhambi, na amri ya sita haina ruhusa ya barabara. Lakini tofauti ni kubwa kati ya kusema mtu huyu ametenda dhambi na kusema kazi hii ndiyo dhambi. Tena anayetaka kuponya lazima ajue kazi yenyewe inakwenda namna gani.

Shofere wengi hulipwa kwa safari, si kwa siku. Kamyo ikisimama, anakula pesa yake mwenyewe. Na kamyo inasimama sana: mizani, peaji, polisi, duani, karatasi iliyokosa muhuri. Kasumbalesa mstari unaweza kudumu siku kadhaa. Hawezi kwenda kulala hotelini, kwa sababu mali ikiibiwa ni yeye wa kwanza kukamatwa. Penye mlima, kamyo inapopanda polepole, vijana hupanda nyuma na kutupa mali chini. Basi analala katika kabini, anaamka, anangoja. Mwanamke anayepika bugali pembeni ya parkingi ndiye peke yake anayemwuliza kama amelala vizuri. Hatusemi hayo kwa kumtetea anayeanguka. Twasema jaribu lina pahali pake na saa yake, na aliyepanga saa hiyo si shofere peke yake.

Na kukimbia baada ya ajali? Hapa tumekosea sana kumwita mtu asiye na huruma. Kila shofere wa njia yetu anajua kwamba akigonga mtoto kijijini, watu wanaweza kumpiga mpaka kufa na kuchoma kamyo kabla polisi hajafika. Wengi hukimbia mpaka kituo cha polisi kilicho mbele na kujitoa wenyewe. Mwanateolojia atatofautisha: kumwacha mtu katika damu yake pasipo kumtafutia msaada ni kosa zito; kuokoa maisha yako na kwenda kusema kwa polisi si kosa hilo. Na sisi wachungaji, ni mara ngapi tumehubiri amri ya tano kwa wale wenye mawe mkononi?

Tarehe 20 ya mwezi wa pili 2019, katika kijiji cha Kabwe, kati ya Kolwezi na Lubumbashi, kamyo yenye asidi iligongana na magari mengine na kupinduka. Watu karibu 20 walikufa, wengine wakaungua vibaya. Ilikuwa msiba wa kutisha. Baada ya ajali za namna hii neno la kwanza midomoni ni «shofere». Labda amekosa, labda hakukosa. Hilo ni la waamuzi. Lakini wachache wanauliza nani alipanga mzigo wa sumu upite katikati ya vijiji, au nani alikagua breki, au aliyeendesha alikuwa amelala saa ngapi. Twasikia mahubiri mengi juu ya mashofere, machache sana juu ya wenye makamyo. Na hao mara nyingi wanakaa benchi la mbele.

Kwa kazi yetu ya kila siku, Sheria ya Kanisa inatusaidia kuliko tunavyofikiri. Shofere akiwa safarini hapotezi parokia yake; makao yake yako Likasi, na paroko wake ni wa Likasi (kanuni 102 na 107). Anaweza kuungama kwa padri yeyote mwenye ruhusa, popote (991). Misa ya Jumamosi jioni au ya Dominika, pahali popote inaposomwa kwa ibada ya Kikatoliki, inatimiza wajibu wake (1248). Akizuiwa na sababu nzito, kanuni hiyo hiyo inamshauri asali kwa muda wa kufaa, peke yake au pamoja na wenziwe. Hata kabini yaweza kuwa pahali pa sala. Katekista asimfute mkatekumeni kwa sababu amekosa mafundisho manne. Amwulize kwanza alikuwa wapi. Na muungamishi asimwulize mtu dhambi za kazi yake. Amsikilize dhambi zake.

Roma imetangulia katika jambo hili. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la wahamiaji na watu wa safari lilitoa maelekezo juu ya uchungaji wa barabarani, pamoja na amri kumi za waendeshaji. Waandishi wa magazeti walizicheka kidogo amri zile, wakaacha kurasa nyingine nyingi za maana. Na Mtakatifu Kristofori, ambaye wengi wanadhani amefutwa: mwaka 1969 aliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima, lakini heshima yake iliachwa kwa kalenda za mahali.

Turudi kwa baba yule. Tulikwenda nyumbani kwake. Hakuwako, yuko Zambia. Tulimwomba mke wake radhi mbele ya mwalimu wa dini, kisha tulisema neno lile lile mbele ya wale waliocheka, maana namba 2487 haikutuacha. Mtoto alikuwa amekwisha kubatizwa na msimamizi mwingine. Hilo halirudi nyuma. Baada ya majuma matatu shofere mwenyewe alifika parokiani, kofia mkononi. Tukaanza maneno yetu. Akatukata: «Padiri, mi nilishazobelea.» Hakuja kwa sababu ya ubatizo. Alitaka tumwandikie katika karatasi saa za Misa za parokia zilizo karibu na parkingi, Kasumbalesa, Nakonde, mpaka Dar. Tulichukua kalamu. Hatukujua hata moja. Tumewaandikia mapadri wa pande hizo, na majibu mawili yamekwisha kufika.