Paa Likivuja, Usikimbilie Kuziba

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni wasia mwema, na sisi walimu tumeurudia darasani hadi wanafunzi huumalizia kabla hatujafika nusu. Hata hivyo, msomaji mpenzi, leo naja na ushuhuda wa mtu aliyeziba ufa kwa bidii, akaziba tena na tena, na kila alipoziba maji yakazidi. Mtu huyo ni mimi, na ufa wenyewe ulikuwa katika gari.

Nina gari dogo la spoti, la viti viwili, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Nililinunua baada ya kutumika miaka mingi Nanyuki. Najua watakuwapo wa kucheka: mhadhiri wa isimu, mvi zimeanza kumchungulia, naye anaendesha gari lisilo na paa la bati! Wacheke. Lakini wanaoijua milima yetu watauliza swali la maana zaidi: gari la namna hiyo litaishije Nyeri? Nanyuki iko upande wa Mlima Kenya usiobahatika kupata mvua nyingi. Mji wa Nyeri uko kati ya mlima huo na safu ya Nyandarua, na huku masika hutunyeshea tangu Machi hadi Mei, na vuli tangu Oktoba hadi Desemba. Wazee wetu waliziita mvua hizo kwa majina ya mimea: mbura ya njahi na mbura ya mwere, yaani mvua ya njahi na mvua ya mawele. Kati ya misimu hiyo miwili huja baridi ya Juni na Julai, pamoja na ukungu na manyunyu yake. Kasoro ambayo turubai liliificha Nanyuki haikuweza kufichika Nyeri.

Masika ya kwanza nilikuta zulia nyuma ya kiti cha dereva limelowa. Nikaenda kwa fundi mmoja, naye akapaka silikoni pembezoni mwa kioo cha nyuma. Mvua iliyofuata, zulia likalowa tena. Tukapaka silikoni zaidi, safari hii juu ya milango. Zulia halikukauka. Hatimaye, Jumamosi moja, nikaamua kuwa mpelelezi mwenyewe. Nikaliinua zulia, nikapapasa nyuma ya viti, nikagundua vitundu viwili, kimoja kila upande, vinavyoelekea chini ya gari. Nikafurahi mno! Bila shaka, nilijiambia, maji ya barabarani hurushwa na magurudumu na kupandia hapa. Nikavijaza vitambaa na gundi, nikavikandamiza kwa kidole gumba, nikanawa mikono.

Wiki mbili baadaye nilisafiri kutoka Karatina kupitia Marua nikiwa na furushi la vijitabu vya mtihani nyuma ya kiti. Nilifika nyumbani usiku, nikaegesha gari chini ya mjakaranda, nikaona heri nivichukue asubuhi. Usiku kucha mvua ilinyesha. Kulipopambazuka nilifungua mlango nikakuta kidimbwi. Vijitabu vya juu vilikuwa vimelowa majalada tu. Kile cha chini kabisa kilikuwa kimeandikwa kwa wino wa maji, na kurasa zake zilikuwa zimegeuka buluu tupu. Halikusomeka hata neno moja.

Nililazimika kuiarifu idara, kisha nikamwita mwanafunzi mwenyewe. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu, "Nilikuwa nimeandika vizuri, Mwalimu." Alipewa mtihani mwingine, akaufanya, akapita. Lakini alama ya ule wa kwanza hakuna atakayeijua kamwe, si yeye wala mimi. Mwalimu mwenzangu anayesoma makala haya anaelewa uzito wa jambo hilo.

Ndipo nilipolipeleka gari kwa fundi wa viti na maturubai katika soko la Karatina, mzee wa makamo aliyekaa nyuma ya cherehani yake. Nilidhani angelikagua paa. Wapi! Aliinama akachungulia chini ya gari, kisha akaniuliza, "Mwalimu, maji haya yalitakiwa kutokea wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiuliza mara mia maji yanaingilia wapi. Sikuwahi kujiuliza yanatokea wapi.

Alinieleza jambo ambalo waundaji wa magari haya wamelijua kwa muda mrefu. Turubai linalokunjwa haliwezi kufungana na bodi kama bati linavyofungana na bati. Kwa hiyo katika magari mengi ya aina hii, mathalani Mazda MX-5 iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989, huwekwa mfereji chini ya ukingo wa nyuma wa turubai. Mfereji huo hupokea maji, ukayapeleka pembeni, nayo yakateremka kwa mipira miembamba nyuma ya viti hadi yakamwagika ardhini karibu na magurudumu ya nyuma. Maji yanayoingia hapo si kosa. Yamekaribishwa, mradi yaonyeshwe mlango wa kutokea. Mlango huo ukizibwa, mfereji hujaa, maji hufurika na kumwagikia zuliani. Baadaye huingia ndani ya vizingiti vya milango, na kutu hula chuma kutoka ndani bila mwenye gari kuiona.

Vitundu vyangu viwili, basi, ndivyo vilivyokuwa milango hiyo. Hapo mwanzo vilikuwa vimezibwa nusu na vijani vya mjakaranda, ambavyo ni vidogo mno na hupenya popote. Mimi nilikuja nikakamilisha kazi ya mjakaranda.

Fundi alichomoa vitambaa vyangu mmoja mmoja. Kisha alipitisha uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine za kukatia nyasi, polepole, kwa kuwa waya wenye ncha hutoboa mpira na upepo wa kompresa huweza kuung'oa. Akamimina maji kikombe kimoja, tukasubiri. Yalipotiririka mchangani karibu na gurudumu la nyuma, alisema, "Sasa gari linapumua."

Hii haina maana kwamba hakuna cha kuziba. Kipo, lakini kwanza kijulikane. Mbinu alizonifundisha zinamfaa mwalimu yeyote, maana moja inahitaji chaki. Paka unga wa chaki kwenye mpira wa mlango, funga, kisha fungua: pale ambapo chaki haikuacha alama upande wa pili, mpira haugusi, na hapo ndipo maji hupita. Au bana ukurasa wa gazeti mlangoni na uuvute. Ukitoka bila kukinza, mpira umelegea. Baada ya hapo, mwenzako akae ndani na tochi, nawe umwagilie kwa mpira wa bustani, ukianzia chini na kupanda juu, mahali pamoja kwa wakati. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua lipi ni lipi.

Turubai nalo lina tabia zake. Tuliosafiri utotoni katika matatu za pikapu, zile Peugeot 404 zilizofunikwa turubai, tunakumbuka matone yaliyotudondokea shingoni. Aghalabu yalitoka kwenye mshono. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuzibana nafasi zilizo kati yao, lakini tundu la sindano hubaki tundu. Dawa yake ni nta, isuguliwe kwenye mshono mkavu. Turubai la kitambaa lisioshwe kwa sabuni kali ya kufulia, kwani huondoa dawa inayozuia maji. Mpira wa mlango usipakwe mafuta ya injini, kwani huvimba na kuharibika. Na ile silikoni tuliyoimwaga ovyo? Fundi alitumia nusu siku kuikwangua, kwa sababu juu yake hakuna gundi nyingine inayoshika.

Nikiwa njiani kurudi Nyeri, isimu ilinisuta. Katika Kiswahili twaweza kusema "maji yanavuja," na twaweza pia kusema "paa linavuja." Kitenzi ni kimoja, mshtakiwa ni tofauti. Mara nyingi sisi huchagua kulishtaki paa, kwa kuwa ndilo lililo juu ya vichwa vyetu. Fauka ya hayo, lugha yetu ina kauli ya kutendua, ambayo huligeuza tendo lirudi lilikotoka: funga hutupa fungua, kunja hutupa kunjua, na ziba hutupa zibua. Kila mwaka nimeifundisha kauli hiyo ubaoni kwa mifano hiyo hiyo. Sikujua kwamba siku moja silabi moja, yaani tofauti ya kuziba na kuzibua, ingegharimu mtihani wa mtoto wa watu.

Tangu hapo naiona tofauti hiyo kila mahali. Barabara za miji yetu, kuanzia Kerugoya na Embu hadi Chuka na Meru, zinapobomoka wakati wa masika, twapiga kelele mashimo yazibwe. Yanazibwa, na masika yajayo yanarudi palepale, ilhali mtaro wa kando umejaa taka na maji hayana njia ila kupita juu ya lami. Hata darasani mambo ni yayo hayo. Mwanafunzi anapopiga kelele au kutoroka kipindi, sisi ni wepesi wa kuziba: adhabu, barua kwa mzazi, kufukuzwa. Ni wachache wanaoinama na kuchungulia chini, wakauliza ni njia gani ya kusema iliyozibwa, na ni nani aliyeiziba.

Sisemi wahenga walikosea. Ufa na uzibwe. Lakini wao hao walisema pia kwamba chururu si ndo ndo ndo. Mwenye kusikiliza namna maji yanavyoanguka atajua yanatoka wapi na yanatafuta kwenda wapi. Kabla ya vuli kuanza, nitavisafisha vile vitundu viwili kwa mikono yangu. Vijitabu vya mtihani, hata hivyo, sitaviacha tena garini usiku. Vinalala mezani pangu, juu kabisa, mbali na dirisha.